Namna ya Kumwanzishia Mpira Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, na najua hapo ulipo unacheka, maana ni magoti haya haya yaliyotukosanisha. Nimechelewa kukuandikia. Siku ile kwenye benchi la uwanja wa kanisa uliniambia maneno machache, ukayasema kwa upole, na hayajanitoka mpaka leo: "Siku ukiwa tayari kunipigia mpira kweli, uniite." Sikukuita. Leo nakuita kwa barua, tena mbele ya watu wote, kwa sababu kosa langu nililifanya hadharani na jibu langu nalo liwe hadharani. Niko tayari, mama. Niko tayari kupita kiasi. Hakuna mwanamke Nyanga nzima anayeanzisha mpira kama mimi, na Mama Zuhura wa Miembeni akibisha, aje tupimane.

Unakumbuka mchezo wenyewe ulivyotufikia? Mwalimu Kato, yule mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, alirudi kutoka kwenye semina Mwanza na wavu mmoja, vibao vinne na mfuko wa mipira ya plastiki yenye matundu. Akachora mistari ya chokaa juu ya uwanja wetu wa zamani wa netiboli, kando ya kanisa, akatuambia mchezo unaitwa pikoboli. Tulicheka jina hadi machozi. Mimi nilikuwa pale kwa sababu darasa langu la chekechea liko hatua ishirini tu kutoka uwanjani. Mama Zuhura alikuwa pale kwa sababu alikuja kudai kitambaa chake kwa mtu, akabaki. Wewe ulikuja na fimbo yako kwa sababu daktari alikuambia utembee ili presha ishuke, na umbali kutoka nyumbani mpaka kwenye lile benchi ulikutosha.

Ulikaa pale kama dakika kumi ukitutazama tunavyokimbizana na mpira. Kisha ukamwita Mwalimu Kato.

"Hicho kibao kina uzito gani?"

"Hakina uzito, waitu," akakujibu kwa heshima. "Hata mtoto anakishika."

"Basi nipe. Nimetwanga kahawa kabla hujazaliwa."

Ulikuwa na miaka sitini na saba. Ulivua kandambili, ukafunga kitenge vizuri kiunoni, ukaingia uwanjani. Mwalimu akakueleza kwamba mpira wa kuanzia hupigwa kutoka chini kwenda juu, usivuke usawa wa kiuno, uende kimshazari hadi upande wa pili, na usidondoke kwenye lile eneo lililo karibu na wavu. Eneo hilo, akasema, wenye mchezo wao wanaliita jikoni. Ulisimamisha kila kitu. "Yaani kuna mchezo ambao kurudi jikoni ni kosa, na mmenificha miaka yote hii?" Mama Zuhura alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mpira wako wa kwanza ulipita juu ya wavu, ukatua mbali kule nyuma karibu na mstari, na sisi tuliojiita vijana tukabaki kutazamana.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilikuwa na kazi. Tulimaliza kufua, tukapika ebitoke, ndizi zetu, mapema, tukamwacha mwanao na redio yake, tukashuka uwanjani mimi na wewe, wewe mbele na fimbo, mimi nyuma na vibao. Njiani ulikuwa ukiwaambia majirani, "Nakwenda kumpiga mkwe wangu." Wengine waliogopa kweli.

Na ulinipiga. Jumamosi baada ya Jumamosi ulinipiga. Ila kulikuwa na jambo la ajabu ambalo mimi mwenyewe sikuliona. Nikicheza na Mama Zuhura, mpira wangu wa kuanzia ulikuwa unafika vizuri tu. Nikicheza na wewe, ulikuwa unaanguka jikoni, au kwenye wavu, kila mara. Mwalimu Kato alinitazama Jumamosi mbili nzima akiwa amekunja mikono. Ya tatu akaniita pembeni, akashindwa kujizuia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi:

"Mama, naomba nikuulize. Unaanzisha mpira au unamkaribisha mama chai?"

Akaniigiza. Alishika kibao mkono wa kulia, akauachia mpira, na papo hapo mkono wake wa kushoto ukakimbilia kushika kiwiko cha kulia. Magoti yote mawili yakainama pamoja. Macho yakatazama chini. Kisha kibao kikausogeza mpira taratibu, kwa adabu zote. Watu walipiga makofi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilijiona pale pale jinsi nilivyo.

Wewe unajua nilikotoka. Mama yangu kule Muleba alinifundisha kwamba kitu cha mkubwa hakirushwi. Ukimpa mkubwa kikombe, sahani, hata sindano, unapiga goti, unatumia mikono miwili au unashika kiwiko, na macho yako yanatazama chini mpaka apokee. Nilichapwa kwa hilo kabla sijajua kusoma. Na siku ya kwanza nilipoletwa Nyanga kukuona, nikakupa ile kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ulinitazama mikono kabla hujanitazama uso. Nilisikia ulichomwambia mwanao baadaye, kwa sababu ulikisema ili nisikie: "Huyu amelelewa." Mama, niliishi kwa maneno yale mawili miaka kumi na tisa. Sasa Mwalimu Kato ananiambia kwamba ndiyo yanayoniangushia mpira jikoni.

Siku ile tulirudi nyumbani ukiwa unacheka peke yako njia nzima. Tulipofika kwenye migomba yetu ya kwanza ukasimama, ukaegemea fimbo. "Nyumbani nipigie magoti," ulisema. "Uwanjani nipigie mpira." Nikasema ndiyo, mama. Nikasema hivyo huku nimeinamisha kichwa, na wewe ukatikisa chako ukaendelea na safari.

Kisha ukaja ugonjwa. Sitauandika sana kwa sababu hukupenda usimuliwe. Kilikuwa kiharusi kidogo, madaktari walisema, na kilikuachia maneno yako yote na mguu wako, kikachukua nguvu ya mkono wa kushoto. Nilikuogesha miezi ile. Nilikukatia ndizi vipande vidogo, na kila siku ulinikumbusha kwamba meno yako hayakuugua. Nyumba nzima tulianza kunong'ona. Mwanao alikataza hata kuku wasipite karibu na kiti chako. Wageni walikuwa wakiingia, wanakutazama, halafu wananiuliza mimi: "Anaendeleaje?" na wewe umekaa pale pale, masikio mazima. Niliona ulivyokuwa unakaza midomo. Niliona, na sikujua la kufanya.

Mwezi wa nne ukasema unataka kwenda uwanjani. Mwanao akapinga. "Daktari amesema nitembee," ulimjibu. "Hakusema nitembee wapi." Tukaenda. Mkono wa kushoto haukuweza kuurusha mpira, kwa hiyo uliushika tu kwa vidole, ukauachia uanguke, ukadunda mbele ya mguu wako, na kibao kikaupata ukipanda. Mwalimu Kato akathibitisha kwamba sheria inaruhusu. Mpira ulitua nyuma kabisa, pale pale ulipotua ule wa siku ya kwanza. Mama Zuhura alikupigia vigelegele na mimi nikageuka nikajifuta macho kwa leso, nikidai ni vumbi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna jua kali, mimi na wewe peke yetu uwanjani, mmoja kwa mmoja. Mchezo unaisha kwenye kumi na moja, mradi mshindi azidi kwa pointi mbili, na anayepata pointi ni yule tu anayeanzisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu. Nilikuwa na kumi, wewe nane. Nilikuwa naanzisha mimi. Pointi moja na mchezo unakwisha, na ungekuwa ushindi wangu wa kwanza juu yako tangu tuanze. Nikakutazama. Ulikuwa unahema. Jasho lilikuwa limeshuka hadi shingoni na mkono ule wa kushoto umening'inia. Nikaogopa. Nikajiambia huyu mama ametoka kwenye kifo juzi. Nikimshinda leo nitakuwa mtu wa namna gani? Nikaupeleka mpira kwenye wavu makusudi.

Ukaanzisha wewe. Nikaukosa. Ukaanzisha tena, nikaugusa ukatoka nje. Mara ya tatu nilijifanya nimeteleza. Mara ya nne nilisimama tu. Kumi na mbili kwa kumi, umeshinda, na mimi nikaanza kupiga makofi kabla hata mpira haujaacha kudunda.

Hukupiga makofi. Ulikwenda polepole hadi kwenye benchi, ukaweka kibao, ukakaa.

"Umeniachia."

"Hapana, mama. Umenishinda."

"Leka, acha hayo, mwana wange. Nimelea watoto saba. Namjua mtoto anayejifanya amelala."

Mama Zuhura alikuwa amefika wakati huo na akaamua ghafla kwamba viatu vyake vina kamba za kufunga. Ulikuwa unatazama uwanja, hukunitazama mimi.

"Kule nyumbani wote wananihesabu mgonjwa," ulisema. "Hata mwanangu. Nilidhani umebaki mmoja anayenihesabu mtu." Halafu ndipo ukasema yale maneno ya kukuita siku nikiwa tayari. Ukasimama, ukachukua fimbo, ukatangulia. Hukunikasirikia hata kidogo. Jioni ile ulikula vizuri, ukanisimulia habari za senene wa zamani walivyokuwa wanaziba taa. Ila Jumamosi iliyofuata ulisema utabaki nyumbani kuchambua maharage. Na iliyofuata. Nikaelewa kwamba unanisubiri.

Mimi si mtu wa kusubiriwa bure. Jumatatu asubuhi, kabla watoto wa chekechea hawajafika, nilikuwa uwanjani na mipira kumi. Nilichukua ungo wako uliochanika, samahani sikukuomba, nikauweka kwenye kona ya nyuma, nusu hatua kabla ya mstari. Mwalimu Kato akapita akanikuta. Hakucheka tena. Alinisimamisha kiubavu, mguu wa kushoto mbele, akaniambia uzito wa mwili uanzie mguu wa nyuma uhamie wa mbele, na goti linaloinama liwe moja, lile la mbele, mengine niyaache kanisani. Akaniambia mkono uzunguke kutoka begani, kifundo kisijikunje, na ukimaliza kupiga mkono wenyewe uendelee, uishie unaonyesha pale unapotaka mpira uende. Wiki ya kwanza niliupata ungo mara tatu katika mipira hamsini. Wiki ya tatu nilikuwa naupata mara kumi na tano.

Mkono wa kushoto ulikuwa mkaidi. Nikiuachia mpira tu, unakimbilia kiwiko. Nilijaribu kuufunga nyuma, nikajaribu kuukunja, wapi. Mama Zuhura ndiye aliyetibu. "Weka kiunoni," akasema, "kama unagombana na mwenye nyumba." Mama, sijawahi kushika kiuno mbele ya mtu mzima maisha yangu yote. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Lakini mpira uliondoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwenye kibao changu, ukapiga ukuta wa jengo la Shule ya Jumapili.

Yakabaki macho. Ungo niliweza kuutazama. Wewe ndiye nisiyeweza. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka sasa sijamwambia mwanao. Nilichukua kiti cha plastiki kutoka darasani, nikakiweka upande wa pili wa uwanja, nikakitandika kitenge chako cha njano. Nikarudi kwenye mstari. Nikainua kibao. Na haki ya Mungu, mama, nilikipigia kiti magoti. Mama Zuhura alinishuhudia na Miembeni nzima ilijua kabla ya adhuhuri.

Nilicheza na kile kiti wiki nane. Nilijipangia mwenendo mmoja nisioubadilisha: nadundisha mpira mara mbili, nakitazama kiti, nataja hesabu kwa sauti, naitoa pumzi, kisha macho yanakaa kwenye matundu ya mpira mpaka nisikie kibao kimelia. Mpira ukaanza kufika. Ukaanza kufika kila mara, mrefu, wa chini, unaojua unakokwenda. Siku moja ulikipiga kiti kwenye mgongo kwa nguvu kiasi kwamba kilianguka chali na kitenge chako kikabaki kimetanda chini. Nilikimbia kukiinua. Nilikiomba radhi.

Ilikuwa nikuite jioni ile. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini usiku na mchana nilikuwa naona kile kiti kikianguka, na badala ya kiti nakuona wewe. Nikajiambia nisubiri wiki moja, nijifunze kupunguza nguvu kidogo, nitafute mpira wa katikati ambao ni wa kweli lakini hautakuumiza. Hilo ndilo lililonichelewesha, mama. Nilikuwa nimeshaupata mpira wako na nikaanza tena kuuharibu kwa huruma. Wiki moja ikawa tatu. Asubuhi ya Jumanne, mimi nikiwa darasani nawaimbisha watoto, alikuja jirani akasimama mlangoni. Ulikuwa umekaa barazani na ungo mpya wa maharage mapajani, na waliokukuta walisema hakuna hata punje iliyomwagika.

Tulikuzika kibanjani, upande ule wa migomba uliyoipanda mwenyewe. Watu walikusifia sana kwa uvumilivu wako wakati wa ugonjwa. Hakuna aliyetaja kwamba ulikuwa unatua mpira kwenye mstari kwa mkono mmoja, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Hilo nalo naliandika hapa ili lihesabike limesemwa.

Sikugusa kibao kwa muda mrefu. Nilikuwa nikipita kando ya uwanja nikijifanya nina haraka. Mama Zuhura alivumilia hadi alipochoka, kisha akaja darasani mchana, akasimama katikati ya watoto wangu akiwa na vibao viwili. "Marehemu alikuwa anakungoja uwanjani," akasema. "Wewe unamngoja nani?" Niliwatoa watoto nje wakacheze, nikamfuata. Niliweka mkono kiunoni. Mpira ulikuwa bado uko pale pale nilipouacha.

Leo nafundisha wanawake kumi na wawili, mama, na wanane kati yao wameolewa kwenye familia zenye wakwe wakali. Siku ya kwanza nawapanga mstari mmoja, nawaambia wakamate mipira, na nawatazama mikono ya kushoto tu. Karibu yote inakimbilia kiwiko. Hakuna kitabu cha Mwanza wala cha Ulaya kilichoandika kosa hilo, nalijua mimi, na dawa yake ninayo. Mwalimu Kato sasa ananiletea mpaka wanaume. Najisifu, ndiyo. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mpishi asiyeonja chakula chake anaficha kitu.

Mwezi uliopita tulialikwa Muleba, kwetu, kucheza na kikundi cha akina mama wa kule, wawili kwa wawili. Nilikwenda na Mama Zuhura, yeye na hijabu yake mpya ya michezo, mimi na kitenge chako cha njano nimejifunga kichwani. Nilikuwa nimejaa uhakika mpaka nilipoona tunaocheza nao. Mmoja alikuwa msichana mwenye miguu mirefu. Wa pili alikuwa bibi, umri wako au amekuzidi, wanamwita Bibi Koku. Alikaa kisiwani Goziba miaka mingi akianika dagaa, wakaniambia, na goti lake moja limefungwa bandeji nene. Anatembea kwa kuyumba. Akatusalimu kwa heshima, na mimi, bila kufikiri, nikapiga goti pale pale uwanjani kumwitikia. Mama Zuhura akafumba macho.

Mipira yangu miwili ya kwanza kwa bibi yule ilianguka jikoni. Mimi, mwalimu wa wanawake kumi na wawili. Nilimpigia msichana vizuri na bibi nikamharibia, na nilijua kabisa kinachotokea, nilikuwa nakihisi kikipanda mkononi. Bibi Koku alikuwa anaokota mpira, anaurudisha, anayumba hadi mahali pake, anasubiri. Uso wake ulikuwa umekaza midomo. Mama, niliifahamu ile midomo.

Tulifika kumi kwa tisa. Tuna kumi sisi, naanzisha mimi, na anayepokea ni yeye. Pointi moja na mchezo umekwisha. Nilimwona anahema. Bandeji ilikuwa imeanza kulegea gotini. Watu wa kwetu walikuwa wamejaa pembeni, wengine wamenijua tangu nikiwa mtoto, na nilijua watasema nini kuhusu binti aliyemwangusha bibi kilema mbele ya watu wote.

Nikadundisha mara mbili. Nikamtazama bibi usoni, machoni kabisa, na yeye akanitazama. Nikataja hesabu kwa sauti. Mkono wa kushoto nikauweka kiunoni. Nikapiga.

Ulikuwa mpira bora kuliko yote niliyowahi kupiga. Wa chini, mrefu, wenye kasi, ulikwenda kwenye kona ya upande wa goti lake lililofungwa, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Bibi Koku aliyumba hatua moja. Moja tu. Akageuza kibao kwa kifundo kidogo hivi, kama mtu anayegeuza samaki juani, na mpira ukarudi kati yangu na Mama Zuhura, ukadunda kwenye mstari, ukatoka. Hakuna kati yetu aliyejongea.

"Kasinge, mwana wange," bibi akanipongeza, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Wakapata tatu mfululizo, tukashindwa. Ndani ya basi Mama Zuhura hakunisemesha hadi tulipofika Kemondo, na hapo alinisemesha ili tu aniulize kama nataka ndizi choma. Nilikuwa nalia kimya kimya dirishani, akadhani ni kwa sababu ya mchezo, akaninunulia mbili.

Miezi hii yote nimekuwa nikijilaumu kwa mpira mmoja niliokunyima, na ndani kabisa ya lawama hiyo nilikuwa bado nakuonea huruma, mama, kwa sababu kila nilipoufikiria nilikuona ukianguka. Sikuwahi kufikiri, hata siku moja, kwamba ungeurudisha. Ungeurudisha. Ungeuachia udunde, ukaugeuza kwa mkono wako mmoja, ukautua kwenye mstari nikiwa nimesimama na mkono kiunoni kama mjinga, na njia nzima ya kurudi nyumbani ungewaambia majirani.

Pumzika vizuri, mama. Nyumbani bado napiga magoti.

Mkweo